Afisi ya mawakili hapa Chake waliomrekebishia mzee hati ya madai: kazi yao, bei yao na pale waliponiudhi

Nawapa nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitasema nimeikatia wapi. Jina la afisi siliweki kwa sababu kesi bado iko mahakamani na mdaiwa ana jamaa kila pembe ya Pemba hii, sitaki maneno. Ni afisi ndogo, mawakili wawili na karani mmoja, basi. Ninachotaka kueleza zaidi ni ile kazi ya kuomba ruhusa ya kurekebisha hati ya madai, yaani ile karatasi ya kufungulia kesi, maana watu wengi wanadhani ukishapeleka karatasi mahakamani ukaona pana kosa unachukua kalamu unafuta unaandika upya, au la wanadhani ndo basi tena kesi imekufa. Yote mawili sivyo.

Mzee wangu ni fundi wa vyombo, anaunda mashua. Alimuundia mfanyabiashara mmoja mashua ya mizigo, akalipwa nusu, nyengine ikawa njoo kesho njoo keshokutwa. Baadae yule bwana akairudisha ile mashua kwa kuwa alikuwa kaigonganisha na mwamba, mataruma mawili, zile mbavu za chombo, yamevunjika, mzee akayabadilisha akatia kalafati upya, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao, na akapaka sifa, yale mafuta ya samaki ya vyombo, na hiyo kazi ya pili nayo haikulipwa hata senti. Tukavumilia mpaka tukachoka tukaamua kwenda mahakama ya Mkoa.

Hati ya kwanza ya madai hakuiandika wakili. Iliandikwa na kijana mwenye kompyuta na printa, hapo hapo anatoa fotokopi, hapo hapo anapiga picha za paspoti, na ukimwambia una kesi anakwambia kaa hapo dakika tano. Kwa barua ya kuomba kazi yuko vizuri simsemi. Lakini hati ya madai yakhe! Mdaiwa kaandikwa jina la duka, sio jina la mtu. Kazi ya pili ya mataruma na kalafati haimo kabisa, kadai salio la kuunda tu. Na tarehe ya makubaliano kaiweka ya mwezi ambao mzee mbao zenyewe alikuwa bado hajaletewa. Hati ikapokelewa masijala, yule bwana akapelekewa samansi, akaleta majibu yake ya kukana kila kitu, na sisi tuko tu tunasubiri tarehe.

Ndo hapo mtu akatwambia jamani tafuteni wakili kabla hamjazama. Kuna mawakili na kuna mavakili, kwa asiyejua, vakili sio wakili kamili ila anaruhusiwa kusimama kwenye mahakama za chini, na wapo wazuri tu. Sisi tukaangukia kwenye hii afisi.

Wakili mwenyewe ni mwanamke, kijana, kamwamkia mzee shikamoo kamvutia kiti kisha akaanza kusoma. Akasoma hati yetu yote bila kusema neno, akaichukua ile ya majibu ya mdaiwa akaisoma mara mbili, kisha akauliza suali ambalo wallahi sikulitegemea: "Mzee wangu, wenzenu wameshaweka pingamizi la awali?" Mzee akasema hatujaletewa kitu zaidi ya hichi. Akasema basi tuwahi.

Hiyo tuwahi yake ndo nyota zangu nne zote. Alitufafanulia hivi: duka sio mtu. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kwa sheria, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, lakini jina la biashara ni jina tu, nyuma yake yuko mwenyewe, na huyo mwenyewe ndo wa kushtakiwa. Wakili wa upande wa pili akilishtukia hilo ataweka pingamizi kwamba mdaiwa aliyetajwa hayupo kisheria. Na mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba pingamizi likishawekwa, huwezi tena kukimbilia kurekebisha hati kwa ajili ya kulikwepa, linasikilizwa kwanza, na likikubaliwa unaweza kutolewa nje ukaanze moja. Kwa hivyo ruhusa ya kurekebisha haina tarehe moja iliyoandikwa ukutani, sheria inasema mahakama inaweza kuruhusu wakati wowote wa kesi, lakini kila hatua unayochelewa mlango unazidi kuwa mwembamba. Kabla ya pingamizi ni rahisi. Kabla ya mashahidi kuanza bado ni rahisi. Mashahidi wakishaanza kusema unaulizwa ulikuwa wapi. Ukifika kwenye rufaa ndo unatizamwa kwa jicho jengine kabisa.

Akatuma karani wake BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali hapa Zanzibar, kufanya sachi, yaani kulitafuta lile jina kwenye kumbukumbu zao. Likatoka ni jina la biashara, mwenyewe ni yule yule bwana tunaemjua. Karatasi hiyo ya sachi ikaja kuwa muhimu kuliko hata mkataba.

Sasa maombi yenyewe. Waliandika maombi rasmi na kiapo cha mzee, ndani ya kiapo kimeelezwa kosa limetokeaje, limegunduliwa lini, na kwa nini mwenzetu hataumia likirekebishwa. Na pamoja na kiapo wakaambatanisha drafti ya hati mpya, maneno yanayofutwa yamepigwa mstari juu yake ila yanasomeka, maneno yanayoongezwa yamepigiwa mstari chini kwa wino mwekundu. Mie nikadhani ni mbwembwe, kumbe Kenya kanuni zao ndo zinalazimisha hivyo hivyo, wino mwekundu na kilichofutwa kibaki kinasomeka. Wakili akasema yeye hufanya hivyo hata pasipo kulazimishwa kwa sababu hakimu anaona kwa jicho moja unataka kubadilisha nini, haanzi kulinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari. Mie nikiwa hakimu ningempenda.

Hapo kaka yangu akaingiza lake. Akasema maadam tunafungua hati, tutie na fidia ya usumbufu, tutie na mashua iuzwe kwa mnada, tutie na ile pikipiki yake aliyoikopa akairudisha imevunjika kioo. Wakili akamjibu kwa upole lakini kamkatia: unaomba ruhusa ya kitu maalumu, ukipewa unarekebisha hicho ulichopewa, ukipenyeza vyengine vitafutwa na utaonekana muhuni. Na pikipiki ni ugomvi mwengine kabisa, marekebisho hayatakiwi kuigeuza kesi ikawa kesi nyengine. Ile kazi ya mataruma inaingia kwa sababu ni watu wale wale, mashua ile ile na hesabu zao zimeshikana, na mahakama haipendi watu hao hao waje na kesi mbili kwa jambo linaloweza kuisha kwa moja. Na kuna kitu kaka hakukijua: deni la jambo moja ukilidai nusu, ile nusu uliyoiacha huwezi kuja kuifungulia kesi nyengine baadae. Kaka akanyamaza, jambo ambalo nyumbani kwetu halijapata kutokea.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili akapinga. Hoja yake: kubadilisha jina kutoka duka kwenda kwa mtu ni kumleta mdaiwa mpya, na mdaiwa mpya muda wake wa kushtakiwa unahesabiwa tokea siku anapoingizwa kwenye kesi, sio siku kesi ilipofunguliwa. Hii ni hoja ya kweli msiione ndogo, na ndo pahala pa hatari kuliko pote kwenye mambo ya marekebisho. Ukomo wa muda ukishapita na wewe unataka kumuingiza mtu mpya au dai jipya, mahakama inakuwa nzito sana, kwa sababu mwenzako keshapata haki ya kutoshtakiwa na huwezi kumnyang'anya kwa kurekebisha karatasi. Na jamani Zanzibar tuna sheria yetu ya ukomo, msichukue ile miaka 6 ya mikataba ya Bara mkaleta huku, ile ni ya Bara tu. Ulizeni muda wa kesi yenu siku ya kwanza.

Wakili wetu akajibu kwa kitu kimoja tu. Akaomba hakimu atizame hati ya majibu ya mdaiwa, ukurasa wa mwisho, pahala pa sahihi. Pameandikwa jina la yule bwana, na chini yake "mwenye duka". Yaani samansi ilimfikia yeye, akaisoma yeye, akajibu yeye, akatia sahihi yeye. Jina limekosewa lakini mtu ni yule yule na hakuna aliyedanganyika kuhusu nani anadaiwa. Akaweka na ile sachi ya BPRA juu. Nilimuona wakili wa mdaiwa anaifunua ile hati yake anaitizama ile sahihi kama vile hajapata kuiona. Sasa nikajua kwa nini siku ile ya kwanza yule dada aliisoma ile hati ya majibu mara mbili.

Akatumia na kesi ya zamani, Eastern Bakery na Castelino, ya 1958, ya ile Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Msimamo wake ni kwamba maombi ya kurekebisha yakija kabla ya kusikilizwa yakubaliwe kwa wepesi ikiwa mwenzio hatodhulumika, na hakuna dhulma ikiwa hasara yake inaweza kulipwa kwa gharama. Kesi hiyo imetoka Uganda lakini mahakama zote za kwetu huku zimekuwa zikiitumia. Na ndo ilivyokuwa, hakimu akaruhusu, akatutoza gharama za mwenzetu za siku ile, na akatupa siku 14 kuleta hati iliyorekebishwa, mdaiwa nae akapewa siku zake za kujibu upya.

Siku 14 hizo nazo mzichukulie kweli kweli. Mtoto wa ami yangu anasoma sheria Pune, India, nikamtumia meseji ya wasap kumuuliza kwa nini 14, akasema hii ni ya tokea kanuni zao za 1908 na sheria zetu za mwenendo wa madai huku, ile Sura ya 8 ya kwetu na ile ya Bara, zote ukoo wake umetokea huko. Kwao na kwa Bara, amri isipotaja siku basi unazo 14, zikipita hujaleta hati unakuwa huruhusiwi tena mpaka uombe kuongezewa muda, na Kenya ni mbaya zaidi, zikipita ile amri yenyewe inakufa. Akanambia pia India wamekaza tokea 2002, kesi ikishaanza kusikilizwa hurekebishi mpaka uthibitishe kwamba hata ungefanya bidii usingeweza kulileta hilo jambo mapema. Halafu akaanza kunipa darasa la dunia nzima kama kawaida yake, Marekani unabadilisha mara moja bila kuomba ndani ya siku 21 tokea ulipompelekea mwenzio hati au tokea yeye alipokujibu, baada ya hapo mwenzio akubali kwa maandishi au uombe mahakama, Uingereza kabla hujampelekea mwenzio uko huru, ukishampelekea ni idhini ya maandishi ya wote au ruhusa ya mahakama, Kenya mara moja bila ruhusa kabla ya hati za pande mbili kufungwa, yaani kabla hawajamaliza kujibizana kwa karatasi. Nikamwambia ami yangu anakusomesha wewe au unamsomesha yeye.

Haya, tuje kwenye nyota niliyoikata.

Kwanza, karani. Hati mpya ilipokuwa tayari kupelekwa, sista yangu akaomba kuitizama, akahesabu viambatanisho, risiti za mbao hazimo, na ule mkataba wa mkono wenye dole gumba la shahidi haumo. Karani anasema si vimo kwenye hati ya zamani. Hapana bwana! Hati iliyorekebishwa ikishaingia, ile ya zamani mahakama haiitizami tena kama msingi wa kesi, mpya ndo inasimama, kwa hivyo kila kitu kinatakiwa kije upya, aya zote na viambatanisho vyote. Wakili alipoambiwa akakasirika na karani, vikatiwa, hati ikaenda kabla ya siku kwisha. Lakini kama sista asingekuwa mtu wa kuhesabu? Afisi inayotoza pesa za wakili haitakiwi iokolewe na mwalimu wa skuli ya msingi.

Pili, lugha. Kiapo cha mzee walikiandika kwa Kiingereza. Mzee anasoma Kiswahili na anasoma Kiarabu, Kiingereza hajui, na kiapo ni maneno yake yeye, anaapa kwayo mbele ya kamishna wa viapo, anatia sahihi. Walimfasiria kwa mdomo, na mie nilikuwepo naweza kusema walimfasiria sawasawa, lakini mzee akauliza mwenyewe: "Sasa nikiulizwa aya ya nane nimesema nini, nitajibu nini?" Hawakuwa na jibu zuri. Wakaandika upya kwa Kiswahili, na kile cha Kiswahili kilikuwa kizuri zaidi, maana kalafati kwa Kiingereza waliiandika kitu kama kupaka rangi. Ombeni Kiswahili tokea mwanzo.

Tatu, bei. Ada ya kesi tulikubaliana siku ya kwanza tukaandikiana. Kumbe kuomba kurekebisha hati ni ada mbali, haimo kwenye ile, na tuliambiwa baada ya maombi kushaandikwa. Kiasi chenyewe kilikuwa kama bei ya mbuzi wawili wa Idi, sio pesa ya kuua mtu kwa kazi ile, lakini usimwambie mtu bei keshakula. Na juu yake ukiongeza dai mahakamani unaongeza na ada ya kufungua, kwa sababu kiasi unachodai kimepanda, unapewa kontro namba unakwenda kulipa, halafu zile gharama za mwenzetu tulizotozwa, hiyo yote ni pesa ya kosa la yule kijana wa fotokopi. Tulimwendea, kwa ustaarabu tu, akasema yeye anaandika anachoambiwa.

Ukitaka kulinganisha, kuna rafiki yangu wa Wete alikwenda kwa wakili mwengine na kosa karibu hilo hilo, tarehe na kiasi, yule wakili wake akasema tutarekebisha tukifika mbele, hamna haraka. Wakafika mbele, shahidi wa kwanza keshamaliza kusema, na alichosema hakifanani na kilichoandikwa kwenye hati. Sasa ombi likaonekana ni la kuziba tundu ambalo shahidi kashalitoboa, likakataliwa. Kesi inaendelea lakini na kilema chake, maana huwezi kuthibitisha jambo ambalo hukuliandika kwenye hati yako, ushahidi ukitoka nje ya ulichodai hausaidii. Kwa wale wasio na uwezo wa wakili, msaada wa kisheria upo kwa sheria, Zanzibar tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tokea 2018, na kuna wasaidizi wa sheria mpaka mashehiani, hata kukusomea tu hati kabla hujaipeleka masijala inasaidia.

Kwetu sisi mdaiwa keshaleta majibu mapya, safari hii kwa jina lake kamili, na kazi ya mataruma hakuikana, anasema tu bei ilikuwa kubwa. Tunasubiri kupangiwa mashahidi. Mzee kishaanza kumtafuta yule aliyemuuzia sifa.

Mkitaka kwenda kwenye afisi kama hii, nendeni na karatasi zote hata zilizochanika, muulize ada ya kila ombi kabla halijaandikwa, na hati ikichapwa muisome nyie wenyewe na kuhesabu viambatanisho kabla haijatoka mlangoni. Asubuhi ni bora kwa sababu mchana wakili yuko mahakamani, na Ijumaa wakishakwenda msikitini hawarudi.